Firauni na kumbukumbu za wafalme wa Misri: Tuwape watoto wetu habari iliyo sahihi

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, kila kinaposomwa kisa cha Nabii Musa (a.s.), iwe madrasani au majumbani mwetu, vijana huuliza: Firauni aliyegharikishwa alikuwa ni yupi? Mara nyingi hujibiwa kwa haraka kuwa ni Ramses wa Pili, kwamba mwili wake uliopolewa baharini, na kwamba chumvi iliyokutwa mwilini mwake ni ushahidi wa kufa maji. Tumeona ni vema leo tuipime habari hii.

Kwanza, tufahamu kuwa Firauni si jina la mtu bali ni cheo. Asili ya neno hili katika lugha ya Misri ya kale ni "nyumba kubwa", yaani jumba la kifalme, na lilianza kutumika kwa mfalme mwenyewe katika zama za nasaba ya 18. Qur'ani Tukufu inamwita mtawala wa wakati wa Nabii Yusuf (a.s.) mfalme, na yule wa wakati wa Nabii Musa (a.s.) inamwita Firauni. Jina lake halisi haikulitaja.

Pili, tutazame kumbukumbu za wafalme hao. Katika karne ya tatu kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), kuhani wa Kimisri aitwaye Manetho aliwagawa katika nasaba 30, na mgawanyo huo ndio msingi wa hesabu ya wanahistoria hadi leo. Kabla yake, Seti wa Kwanza, baba yake Ramses wa Pili, alichonga katika hekalu lake la Abydos orodha ya majina 76 ya wafalme. Lakini orodha hiyo haina jina la Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kwa takriban miaka 20, wala la Akhenaten, aliyeipindua dini ya wazee wake. Waliochukiwa waliachwa nje.

Ramses mwenyewe, aliyetawala miaka 66, alijaza kuta za mahekalu kwa sifa za ushindi wake katika vita vya Kadesh. Hata hivyo, mji huo ulibaki mikononi mwa maadui zake, Wahiti, na hatimaye alifunga nao mkataba wa amani. Basi je, ni ajabu kwamba katika maandishi ya watawala kama hao hatuoni habari za Nabii Musa (a.s.)? Mwenye kuandika sifa zake hasimulii maangamizi yake.

Tatu, tuje kwenye miili. Mwili wa Ramses wa Pili haukupatikana baharini. Ulitambuliwa mwaka 1881 katika pango la Deir el-Bahari, karibu na Luxor, pamoja na miili ya wafalme wengine iliyofichwa humo na makuhani kwa kuhofia wezi wa makaburi. Mwili wa mwanawe, Merneptah, ambaye baadhi ya watu humtaja kuwa ndiye, ulipatikana mwaka 1898 katika kaburi la Amenhotep wa Pili. Mwaka 2021 yote miwili ilihamishiwa katika jumba jipya la makumbusho mjini Cairo. Ama chumvi, Wamisri waliikausha maiti za wakubwa wao kwa aina ya magadi, hivyo huonekana hata kwa waliokufa vitandani.

Aya ya 92 ya Surat Yunus inatueleza kuwa mwili wa Firauni uliokolewa uwe ishara kwa watakaomfuatia. Ibn Kathir, katika tafsiri yake, amenukuu kuwa baadhi ya Bani Israil walitilia shaka kifo chake, ndipo bahari ikautupa mwili wake nchi kavu wakauona. Maana hiyo imetimia bila kuhitaji hadithi ya wavuvi wala ya maabara.

Ndugu wazazi, hatari iko hapa. Kijana aliyefundishwa kuwa chumvi ile ndiyo dalili ya ukweli wa Qur'ani, siku atakapousoma ukweli wa pango la Luxor anaweza kuitilia shaka Qur'ani yenyewe, ilhali Qur'ani haikusema hayo. Tumeamrishwa katika Surat al-Hujurat kuhakikisha habari kabla ya kuzitenda. Basi mtoto akituuliza jina la Firauni, tumjibu kwa utulivu kuwa Mwenyezi Mungu hakututajia, kisha tumweleze alichotutajia: dhulma yake, kiburi chake na mwisho wake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli katika tunayowafundisha watoto wetu. Amin.