Neno "Zaidi"



Kila mpishi wa ugali anaujua msemo huu: maji yamezidi unga. Maji yakizidi unga, ugali hauwi ugali tena, unakuwa uji. Msemo huo hutumika pia mambo yanapomshinda mtu.

Neno "yamezidi" lina ndugu yake tunalolitumia kila siku. Ndugu huyo ni neno "zaidi". Tunalisema sokoni, shambani, zahanati na mkutanoni. Katika kulisema hatupati taabu. Lakini kulisoma katika karatasi ni kazi nyingine. Maana yake hubadilika kufuata maneno madogo yaliyo karibu nalo. Asiyeyatazama maneno hayo madogo anaweza kupoteza fedha, shamba au hata afya yake.

MAANA YAKE

"Zaidi" ni neno la kulinganisha. Linatuambia kwamba kitu kimoja kimepita kingine. Kwa hiyo kila unapoliona, jiulize maswali mawili. Kwanza, kimepita nini? Pili, kimepita kwa kipimo gani?

Tazama mfano huu. Lipi ni kubwa zaidi, Ziwa Viktoria au Ziwa Tanganyika? Kwa eneo, Ziwa Viktoria ni kubwa zaidi. Lina karibu kilomita za mraba 68,800, na Ziwa Tanganyika lina karibu 32,900. Lakini kwa kina, Tanganyika limepita sana. Kina chake kinafika karibu mita 1,470, na kina cha Viktoria ni karibu mita 80 tu. Basi watu wawili wanaweza kubishana kutwa nzima, na wote wakawa wanasema kweli. Mmoja anapima eneo, mwingine anapima kina.

LILIKOTOKA

Kiswahili ni lugha ya Kibantu, lakini kimepokea maneno mengi kutoka lugha nyingine. Neno "zaidi" lilitoka katika Kiarabu. Kwa karne nyingi majahazi kutoka Arabuni yalifika pwani yetu kwa upepo wa kaskazi, na kurudi kwa upepo wa kusi. Watu wa pwani na wageni hao walinunua, wakauza, wakapima na kuandikiana. Katika shughuli hizo maneno mengi yaliingia katika Kiswahili. Maneno kama mizani, hesabu, faida, hasara, rahisi na ghali yalitoka huko huko.

Katika Kiarabu neno hili lina maana ya kitu kilichoongezeka. Mpaka leo Waarabu hulisoma mahali penye alama ya kujumlisha katika hesabu. Sisi tumelipokea pamoja na jamaa zake. "Kuzidi" ni kupita kipimo. "Kuzidisha" ni kufanya kitu kizidi, nalo pia ni jina la hesabu ya mara: 3 mara 4 ni 12. "Ziada" ni kile kilichobaki juu ya kipimo, kama vile malipo ya saa za ziada.

Lakini hatukuacha njia zetu wenyewe za kulinganisha. Tunasema, "Juma ni mrefu kumpita kaka yake." Tunasema pia, "Embe hili ni tamu kushinda lile," au "kuliko lile." Maneno kupita, kushinda na kuliko ni ya Kibantu. Neno "zaidi" lilikuja likakaa pamoja nayo.

ZAIDI, NA ZAIDI YA

Sasa tazama neno dogo "ya". Soma sentensi hizi mbili pole pole:

Mwaka huu kila kaya italipa shilingi 5,000 zaidi.

Mwaka huu kila kaya italipa zaidi ya shilingi 5,000.

Je, ni sawa? Hapana. Tuseme mwaka jana kila kaya ililipa shilingi 10,000. Sentensi ya kwanza inasema kwamba shilingi 5,000 zinaongezwa juu ya zile za mwaka jana. Kila kaya italipa shilingi 15,000. Sentensi ya pili inasema tu kwamba malipo yatapita shilingi 5,000. Yanaweza kuwa 6,000. Yanaweza kuwa 20,000. Sentensi hiyo haikutaja kiasi.

Kwa hiyo, "zaidi" likija nyuma ya hesabu, linataja nyongeza. Mlima Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895, na Mlima Kenya mita 5,199. Kilimanjaro una mita 696 zaidi. Lakini "zaidi ya" likija mbele ya hesabu, linataja mpaka uliopitwa. Kilimanjaro una urefu wa zaidi ya mita 5,000.

Ukiletewa karatasi ya mchango au ya deni yenye maneno "zaidi ya", usione haya kuuliza: "Ni kiasi gani hasa?" Kiasi kamili kiandikwe kwa tarakimu. Ndipo utie sahihi.

ZAIDI YA, NA AU ZAIDI

Tazama tena. "Watu wenye umri wa zaidi ya miaka 18" si sawa na "watu wenye umri wa miaka 18 au zaidi". Katika maneno ya kwanza, aliyetimiza miaka 18 leo bado hajaingia, kwa sababu hajaupita mpaka. Katika maneno ya pili, amekwisha kuingia.

Jambo hili si dogo. Katika Tanzania, raia aliyetimiza umri wa miaka 18 ana haki ya kupiga kura. Na mkazi wa kijiji aliyefikia umri huo ni mmoja wa watu wa Mkutano Mkuu wa kijiji. Sheria haikusema lazima aupite umri huo. Basi kijana wa miaka 18 asifukuzwe mkutanoni kwa sababu ya mtu aliyesoma vibaya.

ISIYOZIDI NA ISIYOPUNGUA

Sasa tunafika penye ugumu. Karatasi za sheria hupenda maneno kama "isiyozidi" na "isiyopungua". Ukikutana na neno la namna hiyo, ligawe vipande. Chukua neno "wasiozidi": wa-si-o-zidi. Kipande "si" kinakataa. Basi maana yake ni watu ambao hawapiti hesabu iliyotajwa. Na "wasiopungua" ni watu ambao hawako chini ya hesabu iliyotajwa.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inasema kwamba Halmashauri ya Kijiji iwe na wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Wajumbe 14 hawatoshi. Wajumbe 15 wanatosha. Wajumbe 25 wanakubaliwa. Wajumbe 26 wamezidi. Maneno mawili yameweka mpaka wa chini na mpaka wa juu, kama kuta mbili za nyumba.

Fikiri sasa juu ya mama mmoja anayemkodisha jirani shamba lake. Mkataba unasema jirani atalima "kwa muda usiozidi miaka 2". Hapo mama yuko salama. Miaka 2 ikiisha, shamba linarudi kwake. Lakini mkataba ukisema "kwa muda usiopungua miaka 2", mambo yamegeuka. Hapo jirani hawezi kuondolewa kabla ya miaka 2, na siku ya mwisho haikutajwa. Anaweza kudai kukaa miaka 5 au 10. Shamba ni lile lile na hesabu ni ile ile, 2. Kilichobadilika ni neno moja tu. Mama huyo akitia dole gumba bila kusoma, au bila kusomewa neno kwa neno, atajuta.

KATIKA DAWA

Watu wengi hutumia vidonge vya parasetamoli kutuliza maumivu na homa. Kidonge cha kawaida ni cha miligramu 500. Mtu mzima humeza kidonge 1 au 2 kwa mara moja. Kisha hungoja muda usiopungua saa 4 kabla ya kumeza tena. Katika saa 24 asimeze zaidi ya vidonge 8.

Wengine hufikiri kwamba dawa ikizidi, na nafuu itazidi. Sivyo. Parasetamoli ikizidi kipimo huharibu ini, na mtu anaweza kufa. Tena mwanzoni anaweza asijisikie vibaya, akadhani yu salama. Mtu aliyezidisha kipimo apelekwe zahanati au hospitali mara moja, hata kama haumwi. Watoto wana kipimo chao kufuata uzito wao. Wagonjwa wengine, kama wenye ugonjwa wa ini, huhitaji kipimo kidogo zaidi. Mwulize mganga wa zahanati, na ufuate aliyokuagiza.

KUMBUKA

Neno "zaidi" peke yake halijatosha. Litazame pamoja na jirani zake. Je, lina "ya" mbele yake? Lina "au"? Je, ndani ya neno kuna "si"? Hesabu iliyotajwa ni nyongeza, au ni mpaka? Na kama ni mpaka, ni wa juu au wa chini?

Zamani, asiyejua kusoma alisomewa na mwenziwe, akategemea ukweli wa mwenziwe. Wewe sasa unasoma mwenyewe. Basi soma polepole, mpaka mwisho wa mstari. Hakuna anayeweza kukulazimisha uharakishe kabla ya kutia sahihi.

MAZOEZI

1. Kibao cha barabarani kinasema mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Dereva anayekwenda kilomita 50 amevunja sheria?

2. Bi mmoja ana mbuzi 6. Akapata mbuzi 3 zaidi. Sasa ana mbuzi wangapi?

3. Mkutano unahitaji watu wasiopungua 40. Wamefika 40. Je, mkutano unaweza kuanza?

4. Tafuta nyumbani karatasi yoyote yenye neno "zaidi", "isiyozidi" au "isiyopungua". Ilete darasani, muisome pamoja.