Masomo hayaishi siku ya collation

Huku Beni na Butembo, familia nyingi za wachimbaji zinalipa minervali kwa dhahabu. Baba anashuka kwenye shimo, mama anauza chakula kwenye carré, na gramu zinazopatikana zinaenda chuo kikuu. Tangu Université Catholique du Graben (UCG) ifungue milango Butembo mwaka wa 1989, mtoto anaweza kusoma karibu na nyumbani. Ni jambo kubwa. Lakini sherehe ya collation ikiisha na toge ikirudishwa, swali linabaki nyumbani: sasa kijana atafanya nini?

Wengi tunawaona kwenye moto, wanabeba watu. Wengine wanarudi kwenye carré ya baba. Halafu majirani wanasema: "Alisoma bure." Sisi wa sendika hatukubali neno hilo. Diploma inaonyesha kwamba mtu anaweza kujifunza. Kazi yenyewe anaijifunzia kazini, na hiyo inaomba mtu wa kumfundisha na muda wa kufundishwa.

Sheria inasema nini?

Code du travail, sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema katika kifungu cha 8 kwamba kila mwajiri, wa Serikali ao wa binafsi, ana lazima ya kufundisha wafanyakazi wake, kuwaongezea ujuzi na kuwazoeza kazi inapobadilika. Kwa hiyo anaweza kutumia INPP, chombo cha Serikali cha kufundisha kazi kilichoundwa mwaka wa 1964, ambacho waajiri wanakitolea mchango.

Ndugu zangu, muelewe vizuri: formation si zawadi ya patron. Ingénieur aliyeingia kazini jana na dereva wa mashine mwenye miaka 20 kazini, wote wawili wana haki moja. Délégué akienda kuzungumza mishahara, aweke na formation mezani.

Na mchimbaji wa mkono?

Huyu hana patron wa kumwandikia contrat. Juu yake Serikali iliunda SAESSCAM mwaka wa 2003, ambayo leo inaitwa SAEMAPE, ili imsaidie na kumuongoza. Code minier ya 2002, iliyobadilishwa 2018, inataka mchimbaji awe na carte, awe ndani ya coopérative, na achimbe ndani ya eneo lililotengwa, yaani ZEA. Coopérative nayo inaomba hesabu, ripoti za mikutano na barua kwa division des mines. Hapo kijana mwenye licence anapata kazi ya maana.

Lakini na yeye akubali kufundishwa. Chuo kilimpa majina ya mawe. Mzee wa shimo anajua ukuta unaotaka kuanguka na mbao za kuushikilia. Kijana naye amuelezee mzee hatari ya zebaki, ile tunaita merkire. Ukiichoma kwenye sahani jikoni, moshi wake hauonekani vizuri, lakini unaingia kwenye mapafu, unaharibu mishipa ya fahamu na figo, na unamfikia mtoto aliye tumboni. Kuna chombo kinachofungwa, kinaitwa cornue. Kinakamata ule moshi, unapoa, na merkire inarudi kutumika tena. Kujifunza kukitumia hakuombi diploma yoyote.

Tena tukumbuke vita. Mwenye kukimbia anaacha shimo, mizani na nyumba. Ufundi wa soudure, wa umeme ao wa hesabu anakimbia nao, na kule anakofika unaweza kumlisha.

Basi tufanye nini? Mkutano ujao, délégué aombe programu ya formation kwa maandishi: nani atafundishwa, lini, kitu gani, na atapewa karatasi gani mwishoni. Coopérative iandikie SAEMAPE, iombe agent aje carré kufundisha juu ya mbao za shimo na merkire. Barua ipigwe cachet, na copie ibaki kwenu. Na wazazi, kabla ya kuuza gramu zingine kwa diploma ya pili, mumuulize kijana: hii ya kwanza, umekwisha kuitia mikononi?