Land Rover ya mjomba: Nishike spana au nimwite fundi?

KUNA watu wanarithi shamba, wengine wanarithi nyumba. Mimi mjomba kanirithisha Land Rover 109 ya mwaka 1974, rangi ya kijani iliyopauka, na mlango wa dereva ambao haufungi mpaka uupige teke. Siku ananikabidhi ufunguo akaniambia, "Mpwa wangu, hili gari halifi. Ila angalia lisikumalize wewe." Nilicheka kweli. Siku hizi sicheki.

Maana tangu siku hiyo sina mwezi wa amani. Leo linavuja hapa, kesho linagonga kule. Na kila likizingua swali ni lile lile: nishike spana mwenyewe au nilipeleke gereji? Najua wewe msomaji mwenye mkweche wako pale uani swali hili unalijua. Hebu nikupe yaliyonikuta, uamue mwenyewe.

KUINGIZWA MJINI

Kwanza gia zilianza kugoma. Nakanyaga klachi mpaka chini, gia haiingii, inalia kama inasaga mawe. Nikajikokota hadi gereji moja, jina nalihifadhi. Fundi akasikiliza, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Bosi, klachi pleti imekwisha. Hapa ni kushusha gia boksi tu." Bei? Shilingi 450,000, nusu itangulie.

Mshiko huo sina. Jioni nikampitia mzee mmoja jirani yetu pale Kimara, aliyeendesha Land Rover miaka mingi kabla hajastaafu. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Akauliza swali moja tu: "Ukikanyaga mafuta, injini inavuma bure bila gari kwenda?" Nikamwambia hapana, gari linakwenda vizuri, tabu ni kuingiza gia.

"Basi pleti haina kosa," akasema. "Pleti ikiisha, klachi inateleza. Ya kwako haiachii. Hizo ni habari mbili tofauti, kijana."

Akafungua boneti. Kikopo cha oili ya klachi kikavu. Chini, ile silinda ndogo inayosukuma klachi ilikuwa inavuja. Kesho yake nikaenda Gerezani, nikanunua raba zake kwa shilingi 20,000. Tukafunga, tukatoa upepo, gia zikaingia kama kisu kwenye siagi. 450,000 dhidi ya 20,000! Nikaapa sitatia mguu gereji tena.

NUSURA NIUE

Hapo ndipo kichwa kilipovimba, ndugu zangu. Jumamosi moja nikaamua kubadili breki shuu za nyuma mwenyewe. Si nimeshakuwa fundi? Uwanja wetu una mteremko kidogo, nikavuta hendibreki mpaka mwisho, nikapiga jeki, nikafungua tairi la nyuma. Mdogo wangu alikuwa amekaa chini ananipa spana, miguu kainyoosha chini ya gari.

Mama akamwita akachote maji. Kainuka, kapiga hatua kama tatu hivi, gari likasogea. Jeki ikalala. Dramu ikashuka na uzito wote, ikachimba udongo pale pale ilipokuwa miguu ya mtoto.

Sikuweza kusema neno. Nilikaa chini natetemeka, spana mkononi. Mama naye hakusema kitu, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Mzee alipokuja alinieleza jambo ambalo kila mwenye Land Rover ya namna hii anapaswa kulijua. Katika magari mengi hendibreki inashika matairi yenyewe. Kwenye 109 haishiki matairi. Inashika shafti ya nyuma inayotoka kwenye gia boksi. Ukinyanyua tairi moja la nyuma, difu inaliruhusu lile la hewani lizunguke, na lenzie lililo chini linabiringika kama hakuna hendibreki kabisa.

Kwa hiyo kabla ya jeki tafuta uwanja tambarare. Weka mawe au magogo mbele na nyuma ya matairi yanayobaki chini. Ingiza foo-wili. Ukishanyanyua, weka stendi imara, usiiamini jeki peke yake. Na mtoto akae mbali.

SASA TUFANYEJE?

Baada ya siku ile nimejiwekea kanuni moja. Kabla ya kugusa boliti najiuliza: nikikosea hapa, nini kitatokea? Kama jibu ni "gari halitawaka", nashika spana. Kama jibu ni "mtu anaweza kufa", namwita fundi.

Kwa hiyo oili ya injini na filta yake namwaga mwenyewe. Kupiga grisi, kusafisha plagi, kukaza belti ya feni, kuangalia oili ya gia boksi na difu, maji ya radieta (injini ikiwa imepoa, jamani!), yote kazi ya Jumamosi asubuhi. Nikikosea, nitachelewa safari tu.

Lakini breki masta na mabomba yake, hapana. 109 nyingi za miaka ile zina njia moja tu ya oili ya breki kwa matairi yote manne. Bomba moja likipasuka, pedo inazama na huna breki hata moja. Usukani pia kwa fundi.

Halafu chesisi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haiozi kama bati, ndiyo maana linaweza kung'aa hadharani. Ila chesisi ni chuma cha kawaida, na kutu inaila kutoka ndani. Gonga kwa nyundo polepole usikilize. Ikilia kama debe bovu, tafuta mchomeleaji anayeijua kazi, si wa kupaka puti na rangi. Na kama lako ni la diseli, pampu na nozeli zina vipimo vyake, uani kwako huna.

Ukienda gereji usiende kama kondoo. Mweleze fundi dalili, usimtajie ugonjwa. Mwambie akurudishie spea mbovu uzione. Kaa pale pale. Na kabla ya kutoka, kanyaga breki gari likiwa limesimama, kisha lijaribu taratibu ndani ya uwanja.

Ndipo nilipoelewa faida ya kushika spana. Inapunguza gharama, sawa, lakini kubwa zaidi inakupa macho. Fundi mwaminifu atafurahi kuona unaelewa. Yule wa kuingiza watu mjini atakukimbia mwenyewe. Iwe Land Rover, Suzuki au Land Cruiser kuukuu, mambo ni hayo hayo.

Zile breki shuu zilifungwa na fundi, mimi nikiwa nimechuchumaa pembeni namwangalia. Mdogo wangu bado ni msaidizi wangu wa Jumamosi, ila kazi yake ya kwanza siku hizi ni kuleta mawe mawili makubwa. Akishayaweka anakwenda kukaa barazani na mama. Hapo ndipo nafungua boneti.

Haya, panapo majaaliwa tukutane wiki ijayo.