Tiba Mbadala au Tiba ya Nyongeza?

Wafasiri wa maandishi ya afya huita tiba mbadala mambo mawili yaliyo tofauti. Istilahi hiyo imo hata katika Sheria ya Tanzania ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, wala hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni matumizi yake. Mbadala ni kile kinachoshika nafasi ya kingine. Basi mgonjwa wa mgongo akisoma kwamba kuchuliwa ni tiba mbadala, ana haki ya kuelewa kuwa aache vidonge vya hospitali, ilhali mwandishi alikusudia avitumie vyote pamoja. Kwa maana hiyo ya pili twapendekeza tiba ya nyongeza.

Maumivu yenyewe nayo yataka uangalifu. Madaktari huyaita sugu yakidumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi 3. Hawasemi kuwa hayatibiki. Lakini aliyezoea kusikia usugu wa vimelea kwa dawa atadhani amekatiwa tamaa. Maumivu ya muda mrefu ni maneno mengi kidogo, ila hayapotoshi.

Kuchua, kukanda na kuumika (ndiko kupiga chuku, kabla ya neno hilo kutumiwa kwa watia chumvi) tunayo tangu zamani. Taabu iko katika tiba ya Kichina ya sindano. Ukiandika "kuchomwa sindano", mgonjwa atatazamia dawa, na sindano hizo hazina dawa. Twaona afadhali kuandika akupancha na kuieleza mara ya kwanza itajwapo.