Usiyadharau Maandishi Madogo ya Vitabu na Sinema

Je, msomaji, umewahi kununua kitabu kwa kuvutiwa na jina lake tu, kisha ukafika nyumbani ukakuta hakihusu ulichotaka? Aghalabu kosa huwa letu wenyewe. Chini ya anwani kubwa ya kitabu mara nyingi huwa kuna anwani ndogo, na kazi yake ni kufafanua lile ambalo anwani kubwa haikulisema.

Chukua mfano wa kitabu cha Jomo Kenyatta, Facing Mount Kenya, kilichochapishwa mwaka wa 1938. Mgeni akisoma jina hilo pekee angedhani ni kitabu cha wakwea milima. Anwani ndogo ndiyo inayomjulisha kwamba ni habari za maisha ya Wakikuyu. Vivyo hivyo, Decolonising the Mind cha Ngugi wa Thiong'o, cha mwaka wa 1986, chaahidi ukombozi wa akili, lakini ni anwani ndogo itajayo siasa ya lugha katika fasihi ya Kiafrika. Mwanafunzi anayezisoma zote mbili hatapoteza wakati wake maktabani.

Sinema nazo zina maandishi yake, yale yanayopita chini ya picha yakitafsiri mazungumzo. Katika Nairobi Half Life ya mwaka wa 2012, wahusika huzungumza Kiswahili, Sheng na Kikuyu. Bila maandishi ya Kiingereza, watazamaji wa ng'ambo wasingeifuata. Mwaka wa 2020, Parasite ya Korea Kusini ilikuwa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kutwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora, ingawa wengi walioipenda hawajui neno la Kikorea.

Hata hivyo, usidhani kwamba maandishi hayo ni kila neno lililotamkwa. Kwa kawaida mfasiri hupewa mistari miwili tu, nayo hukaa kwa sekunde chache kisha ikatoweka. Kwa hivyo hana budi kupunguza maneno. Methali na mizaha ndizo huumia zaidi. Ukicheka sinemani na mgeni aliye kando yako akanyamaza, usimlaumu. Huenda kichekesho hakikumfikia.

Faida nyingine iko sebuleni mwako. Asiyesikia vizuri huweza kufuata hadithi pamoja na jamaa zake. Nchini India, tangu mwaka wa 1999, maneno ya nyimbo za filamu yamekuwa yakiandikwa kwenye runinga kwa lugha ile ile inayoimbwa, ili watu wazoee kusoma huku wakiburudika. Nawe mzazi, iwapo runinga yako inaruhusu, washa maandishi ya lugha anayoisikia mtoto, macho yake yafuate masikio.

Wahenga hawakukosea: usione wembamba wa reli, garimoshi hupita.