Mzaha Mzaha Hutumbuka Usaha: Riwaya na Filamu ya The Last King of Scotland

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kufafanua jambo linalowatatiza wanafunzi wengi wa fasihi, nalo ni kazi inayochekesha juu ya mambo yasiyochekesha hata kidogo. Istilahi za karibu tunazo. Tunayo tanzia kwa kazi ya huzuni, futuhi kwa kazi ya kuchekesha, tanzia-ramsa kwa kazi inayochanganya hayo mawili, na tashtiti kwa kejeli inayoufichua uovu wa jamii. Hata hivyo, ipo aina ya kicheko ambayo majina hayo hayaitoshelezi: kicheko kinachomtoka mtazamaji bila kutaka, kisha kinamwachia haya. Siku hizi wapo wanaouita ucheshi mweusi. Wahenga walikwisha kuueleza kwa maneno manne tu: mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Mfano tuliouchagua ni wa hapa jirani, Uganda. Ni riwaya ya Giles Foden iitwayo The Last King of Scotland, yaani Mfalme wa Mwisho wa Uskoti, iliyotoka mwaka 1998, pamoja na filamu ya jina hilohilo iliyoongozwa na Kevin Macdonald mwaka 2006. Tumeuchagua kwa sababu mhusika wake mkuu si shujaa, kwa sababu Kiswahili kimo ndani ya historia yake, na kwa sababu swali lake linatuhusu sana sisi tunaofundisha na kusoma hapa Kigali.

Mhusika mkuu asiye shujaa

Watu wengi hudhani kwamba mhusika mkuu wa kazi hii ni Idi Amin. Sivyo. Mhusika mkuu ni Nicholas Garrigan, daktari kijana wa Kiskoti anayefika Uganda wakati Amin anatwaa madaraka, Januari 1971. Garrigan ni mtu wa kubuniwa, ingawa Foden alichota baadhi ya tabia zake kwa Bob Astles, Mwingereza aliyekuwa mshauri wa Amin. Katika riwaya daktari huyu anafanya kazi kwanza Mbarara, magharibi mwa nchi, kisha anapelekwa Kampala kuwa daktari wa Rais.

Garrigan haui mtu kwa amri ya Amin wala hatesi mtu. Anapenda starehe, anapenda kusifiwa, na anapenda kuwa karibu na mkubwa. Kila anaposikia habari mbaya anajitafutia sababu ya kubaki. Huyu ndiye mhusika mkuu asiye shujaa: tunamfuata, tunamwelewa, mara nyingine tunampenda, lakini hatuwezi kumsifu.

Walimu wa fasihi ya Kiswahili wanaye ndugu yake wa mbali. Ni Kazimoto katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974), msomi anayesimulia habari zake mwenyewe na ambaye hakuna anayetamani kuwa kama yeye. Tofauti ni kwamba Kazimoto anaumia kwa kuona mno, ilhali Garrigan anaponea kwa kutotaka kuona.

Kicheko kinavyojengwa

Nusu ya kwanza ya filamu imejengwa juu ya kicheko. Garrigan, akiwa amechoshwa na nyumba ya baba yake, anazungusha tufe la dunia na kuapa kwenda popote kidole kitakapotua. Kidole kinatua Kanada. Anazungusha tena, na safari hii kinatua Uganda. Mtazamaji anacheka, na hapohapo amekwisha kuambiwa jambo zito: kwa kijana huyu, nchi ya watu ni mchezo wa bahati nasibu.

Linafuata tukio la ng'ombe. Gari la Rais limegonga ng'ombe, Amin ameumia mkono, na mnyama analia kwa maumivu. Daktari anakosa uvumilivu, anachukua bastola ya Amin na kumpiga ng'ombe risasi. Walinzi wanashtuka, na Amin anakasirika. Kisha Amin anagundua kwamba kijana huyu ni Mskoti, furaha inamjaa, naye anampa shati lake la kijeshi kwa kubadilishana na fulana ya Uskoti. Baadaye Amin anamwita daktari usiku wa manane akidhani amelishwa sumu. Ugonjwa wenyewe ni gesi tumboni, na inatolewa kwa kishindo. Ukumbi mzima hucheka.

Tutazame kazi inayofanywa na vicheko hivi. Kila kimoja kinamsogeza Garrigan karibu zaidi na Amin, na kinatusogeza sisi pamoja naye. Amin wa filamu hii, aliyeigizwa na Forest Whitaker, ana haiba, ana utani, anajua kumfanya mgeni ajione rafiki wa pekee. Kwa uigizaji huo Whitaker alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume Februari 2007. Uhodari wake upo hapa: hakumwigiza dubwana ambalo kila mtu angelikimbia. Alimwigiza mtu ambaye wengi wetu tungekaa naye mezani.

Kisha usaha unatumbuka. Mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Katika filamu, hasara ya uamuzi huo inapoanza kuonekana, Amin anamlaumu Garrigan kwa kutomzuia. Daktari anamkumbusha kwamba alimwambia. Amin anajibu kwamba kumwambia alimwambia, lakini hakumshawishi. Kwa umbo, jibu hili ni kichekesho, kwani limepinduliwa kama vitendawili vya watoto. Lakini anayelisema ni mwenye roho za watu mikononi, na anayeambiwa hana pa kukimbilia. Anayecheka hapa anacheka peke yake.

Riwaya na filamu: nani analipa?

Wanafunzi wanapolinganisha riwaya na filamu huishia mara nyingi kwenye orodha ya yaliyokatwa na yaliyoongezwa. Orodha hiyo ina faida, lakini haitoshi. Swali lenye tija zaidi katika kazi ya namna hii ni: deni la kicheko linalipwa na nani?

Katika riwaya, Garrigan mwenyewe ndiye msimulizi. Anaandika akiwa amekwisha kurudi Uskoti, na habari zake zinaendelea hadi vita vya 1979 vilivyomwondoa Amin. Kwa kuwa yeye ndiye mshika kalamu, kila utani umepita mikononi mwake, na msomaji anaanza kumtilia shaka. Mbona anakumbuka vizuri vichekesho na kuyapita upesi maiti? Adhabu yake ni kubaki hai na kuandika.

Filamu haiwezi kumpa msimulizi wa namna hiyo, kwa hiyo waandishi wa mwongozo, Peter Morgan na Jeremy Brock, walitafuta njia nyingine. Walimfanya Garrigan awe mpenzi wa Kay, mke wa Amin. Katika riwaya mpenzi wa Kay ni daktari mwingine, Mganda, na hapo riwaya iko karibu zaidi na historia ya Kay Amin, aliyefariki mwaka 1974. Vilevile filamu inafungia hadithi katika uwanja wa ndege wa Entebbe mwaka 1976, wakati wa utekaji wa ndege. Hapo Garrigan anateswa vibaya mno. Deni limehamishwa kutoka kwenye dhamiri kwenda kwenye mwili.

Hata hivyo, si yeye anayelilipa lote. Anayemwokoa ni Dakta Junju, Mganda, ambaye anauawa kwa kufanya hivyo. Junju anamsihi akawaeleze walimwengu ukweli, kwa sababu yeye ni mzungu na watamwamini. Sentensi hiyo ni kinaya kikali kuliko vyote katika filamu, kwa maana inaikosoa filamu yenyewe. Ili Uganda isikilizwe, hata na watazamaji wake, ilibidi ipewe macho ya Mskoti.

Lugha ya kicheko, lugha ya kilio

Filamu hii ilipigwa kwa sehemu kubwa Uganda kwenyewe, na wasanii wa huko kama Abby Mukiibi na Stephen Rwangyezi walishiriki. Whitaker alijifunza Kiswahili wakati wa kujiandaa. Hilo halikuwa pambo. Amin alijiunga na jeshi la kikoloni la KAR mwaka 1946, na Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika jeshi hilo. Serikali yake ndiyo iliyokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Matokeo yake, kwa Waganda wengi Kiswahili kilibaki kikinuka baruti, na kilichukua miaka mingi kurudi kwa heshima. Mwaka 2005 marekebisho ya katiba yalikitambua kuwa lugha rasmi ya pili.

Linganisheni sasa namna Amin alivyosemwa katika lugha mbili. Jijini London, mchekeshaji Alan Coren aliandika katika jarida la Punch vipande vilivyoiga Kiingereza cha Amin kilichovunjikavunjika, na mwaka 1974 vikakusanywa kuwa kitabu. Watu walicheka, ilhali Kampala watu walikuwa wanatoweka. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ya waliouawa katika utawala wake yanafika 300,000. Katika Kiswahili cha Tanzania, hasa wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, neno lililomshika Amin lilikuwa nduli, yaani muuaji katili. Neno hilo halina utani ndani yake. Lugha moja ilimwona kama kichekesho, nyingine ikamwona kama msiba. Mwanafunzi wa tafsiri anayeishughulikia filamu hii anasimama katikati ya lugha hizo mbili.

Kwa nini tuizungumze Kigali

Mwaka huohuo wa 2006 ilitoka filamu nyingine iliyotokana na riwaya, ikiwa na mgeni katikati yake: Un dimanche à Kigali ya Robert Favreau, kutoka riwaya ya Gil Courtemanche iliyochapwa mwaka 2000. Huyo ni mwandishi wa habari wa Kanada, na bwawa la hoteli ndicho kibaraza chake. Filamu hiyo haichekeshi, na sababu yake inaeleweka. Inahusu Mauaji ya Kimbari yaliyofanywa dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Hatudai kwamba kila msiba lazima upatiwe ucheshi wake. Yapo makaburi ambayo utani hauyafikii.

Lakini tukisema tu kwamba hapa hatucheki, tutakuwa tumeacha fundisho. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, haikuwavuta wasikilizaji kwa hotuba kavu. Iliwavuta kwa muziki, kwa lugha ya mtaani na kwa vichekesho vya watangazaji wake. Chuki ilipita humo. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waasisi wake wawili, na ingawa rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya mashtaka, haikumwacha huru yeyote kati yao. Aliyeicheka redio ile mwaka 1993 hakuwa ameshika panga. Alikuwa amekaa tu na kucheka, kama Garrigan.

Kwa hiyo, kazi kama hii ina manufaa ambayo hotuba haina. Haitufundishi kwamba mauaji ni mabaya, kwani hilo tunalijua. Inatuonyesha njia ndogondogo, zenye starehe, zinazomfikisha mtu wa kawaida mahali ambapo hawezi tena kutoka.

Mapendekezo kwa walimu

Tunapendekeza mazoezi matatu kwa darasa. Kutokana na matukio ya ukatili yaliyomo, wanafunzi waelezwe mapema, na asilazimishwe mtu kutazama.

Kwanza, kila mwanafunzi aandike dakika ambayo aliacha kucheka, na sababu yake. Kisha darasa lilinganishe. Dakika hazitafanana, na mjadala wa fasihi uanzie hapo.

Pili, wanafunzi watafsiri majibizano kuhusu Waasia. Tofauti ya kuambia, kushauri, kusihi, kushawishi na kukinaisha ijadiliwe kwa makini. Kushawishi mara nyingi huelekea kwenye kurubuni, ilhali kukinaisha ni kumridhisha mtu kwa hoja. Neno litakalochaguliwa ndilo litakaloamua kama Amin anatania au anatisha.

Tatu, tutumie utamaduni wa agasobanuye, yaani filamu zinazosimuliwa kwa Kinyarwanda juu ya sauti ya asili, ambazo vijana wa Kigali wamekua nazo. Mwanafunzi asimulie tukio la ng'ombe kwa Kiswahili, kwa mtindo huo. Wenzake wasikilize ni wapi ameongeza utani wake mwenyewe, na utani huo unamsaidia nani.

Hitimisho

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, na wanafunzi wetu wanakihitaji kwa mambo mazito kama wanavyokihitaji sokoni. Ucheshi mweusi ni kipimo kizuri cha uwezo huo, kwa sababu hauwezi kueleweka na mtu anayejua maana za maneno tu bila kujua uzito wake. Ipo methali isemayo ukicheka na nyani utavuna mabua. Tuisome polepole darasani. Lawama ya methali hiyo haimwendei nyani, kwani kula mahindi ndiyo kazi yake. Lawama inamwendea mwenye shamba, aliyekuwa na macho, aliyekuwa na fimbo, naye akachagua kucheka.