Karata za taro na kitunga cha ngombo: nani anaipa alama maana yake?

Mkaaji wa Katuba ao wa Kenya, hapa Lubumbashi, akifungua simu yake usiku, anaweza kukutana na mtu wa mbali anayepanga karata mezani na kueleza maisha ya watu asiowajua. Karata moja inaogopesha kupita zingine zote: ile ya 13. Katika karata za zamani za Ufaransa, picha yake ni mifupa ya mtu iliyosimama wima, inafyeka shamba, na ndani ya majani kunalala vichwa na mikono. Haina hata jina juu yake, ni namba tu. Anayeiona mara ya kwanza anasema: basi, kifo kimefika.

Wale wanaosoma taro wenyewe wanasema hapana. Kwao, karata ya 13 kwa kawaida ni mwisho wa jambo fulani: kazi inaisha, ndoa inavunjika, desturi ya zamani inaachwa. Ikitoka pembeni ya karata ya jua, watasema mwisho huo ni mzuri. Ikitoka pembeni ya mnara unaopigwa na radi, watakunja uso. Picha ni ile ile, lakini maneno yamegeuka juu ya jirani yake.

Mtu akiuliza maana hizo zilitoka wapi, jibu linashangaza kidogo. Taro ilianza kama mchezo tu, kaskazini mwa Italia, katika karne ya 15. Karata ni 78: 22 kubwa zenye picha, na 56 zingine zinazofanana na zile watu wanachezea chini ya muembe. Ni mnamo 1781 ndipo msomi mmoja wa Paris, Antoine Court de Gébelin, aliandika kwamba picha zile ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya kale. Hakuonyesha ushahidi. Wakati huo hakuna mtu Ulaya aliyejua kusoma maandishi ya Wamisri. Hayo yalingoja mpaka 1822. Hata hivyo watu waliipenda habari hiyo, na karata za kuchezea zikawa karata za kuagua. Zile zinazoonekana sana kwenye video leo zilitoka London mnamo 1909, zikiwa zimechorwa na mwanamke mmoja, Pamela Colman Smith.

Katanga haikungoja karata ili ijue kusoma alama. Kwa Wachokwe wa upande wa Lualaba, na kwa ndugu zao wa ngambo ya Angola na Zambia, kuko ngombo: kitunga cha mviringo chenye makumi ya vitu vidogo ndani. Kuna sanamu za mbao, mifupa, mbegu, kucha za nyama, vipande vya kibuyu. Mufumu anatikisa kitunga, vitu vinapanda na kushuka, kisha anaangalia vilivyobaki juu.

Mwanthropolojia Mwingereza Victor Turner aliishi kati ya 1950 na 1954 kwa Wandembu wa Mwinilunga, kaskazini-magharibi mwa Zambia, watu wenye kusema kwamba wazee wao walitoka Musumba kwa Mwant Yav. Alichoandika mnamo 1961 juu ya kitunga chao kinasaidia sana kuelewa. Sanamu moja, Chamutang'a, ni mtu aliyejikunja, mikono kwenye kidevu: yule asiyejua kukata neno, leo hivi, kesho vingine. Katwambimbi ni mtu aliyeshika kichwa kwa mikono miwili kama kwenye matanga. Inaweza kusema juu ya kifo, lakini pia juu ya mpeleka-maneno anayewasha ugomvi kisha analia pamoja na wafiwa. Udongo mweupe, pemba, ni usafi na kutokuwa na kosa. Udongo mwekundu ni damu na kinyongo.

Kila kitu kina maana kadhaa, na mufumu hakuruhusiwa kuchagua tu ile iliyompendeza. Alitikisa mara tatu. Kitu kile kile kikirudi juu mara zote tatu, ndipo moja ya maana zake ilihesabiwa kuwa jibu. Tena hakuwa peke yake: jamaa ya mgonjwa ilikaa mbele yake. Alisema neno, wao wakajibu ndiyo ao hapana. Na hapa ndipo penye utamu: jamaa ilikuja na mtego. Walikubali kwa uongo ili waone kama atajua wanamdanganya. Mufumu naye aliwasoma uso kama alivyosoma kitunga. Nusu ya jibu, kusema kweli, ilikuwa imekaa pale chini kwenye mkeka, pamoja na ugomvi wao wa shamba na urithi.

Waluba nao walikuwa na lukasa, ubao unaoshikwa mkononi, wenye shanga na misumari. Huo haukuwa wa kuagua, ulikuwa wa kukumbuka: wenye elimu ya chama cha Mbudye walipitisha kidole juu yake na kueleza habari za wafalme, safari na mipaka. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo inaweza kuwa mfalme na watu wake. Msomaji mwingine, siku nyingine, angeeleza ubao ule ule kwa njia nyingine.

Isisemwe kwamba kitunga kilikuwa kizuri tu. Kilitaja pia walozi, na aliyetajwa aliweza kufukuzwa kijijini. Lakini jamaa ilikuwepo, iliweza kukataa, iliweza kwenda kwa mufumu wa pili. Kwenye simu mtu yuko peke yake. Analipa, anapewa jambo linaloweza kumfaa kila mtu, kwa mfano "kuko mtu wa karibu asiyekutakia mema", na ni yeye mwenyewe anayeanza kutafuta huyo mtu ni nani. Anamtazama shangazi. Anamtazama mtoto wa marehemu kaka yake, yule anayekojoa kitandani na kusema peke yake usiku.

Mtoto huyo sheria inamlinda. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inampa adhabu anayefanya hivyo, awe mzazi, mufumu ao mchungaji. Haiulizi kama jambo hilo lilionekana kwenye karata, kwenye kitunga ao kwenye ndoto.